Sahani ya Marehemu Sunia

Kisiwani Lifuka, katika visiwa vya Haapai, mhubiri anayekula kidogo huonekana ameidharau nyumba iliyomkaribisha. Sunia hakuwahi kumdharau mtu. Siku za kazi alikuwa mkulima wa viazi vikuu. Siku za ibada alikuwa mhubiri wa madhehebu ya Kiwesle mwenye sauti ya kujaza kanisa bila kipaza sauti. Kila alipoteremka mimbarani, meza ilikuwa inamsubiri. Wiki ya maombi ya Januari ndiyo ilikuwa kiboko: ibada, karamu, ibada, karamu. Nguruwe wa kuchoma, kamba, keki, soda, na juu ya yote sipi, zile mbavu za kondoo zenye mafuta kuliko nyama, ambazo huletwa na meli zikiwa zimeganda, zikafungwa ndani ya majani ya magimbi na tui zito, zikaivia chini ya ardhi juu ya mawe ya moto.

Mkewe Melenaite alikuwa bingwa wa sipi. Watu walisema majani yake yanayeyuka kabla hujatafuna.

Sunia alihubiri juu ya ulevi, uzinzi, uchoyo na masengenyo. Juu ya tumbo hakuwahi kuhubiri hata neno moja.

Kisukari kilimtokea kwenye kidole cha mguu. Alijikwaa shambani, akapata kidonda cha kudharaulika, kikakataa kupona, na kufikia siku aliyopelekwa kwa madaktari wa mji mkuu, Nukualofa, hakikuwa tena kidonda cha kidole. Alirudi Lifuka kwa meli akiwa na mguu mmoja na magongo. Jioni ileile alimwita mkewe.

"Mke wangu, nimewaambia watu miaka nenda rudi kwamba miili yao ni nyumba ya Roho. Mimi wangu nimeugeuza ghala. Sasa nisikilize. Kinywa changu sikiwezi. Kishike wewe."

"Nitakishikaje kinywa cha mtu mzima?"

"Nikikuomba mafuta, usinipe. Nikikuomba sukari, usinipe. Hata nikilia."

Melenaite akaahidi, na alikuwa mwanamke wa kushika ahadi. Toka siku hiyo Sunia alikula samaki wa kuchoma, majani yaliyochemshwa bila tui, na kipande cha shelisheli kisichozidi kiganja. Siku za kazi alikula bila ubishi. Jumapili ndiyo iliyokuwa na mambo. Jumapili kila ua hufukua chakula chake baada ya ibada, harufu ikatanda kijiji kizima, watu wakala, kisha wakalala palepale walipokula, wakubwa kwa wadogo, mpaka kijiji kikawa kama kimekufa. Saa hiyo ya ukimya Melenaite alikwenda kwenye maombi ya wanawake, na akiwa njiani alimsikia mumewe akigonga kijiko kwenye sahani yake ya bati, ko, ko, ko. Alidhani ni hasira za mgonjwa.

Jumapili ya mwisho hakwenda maombini kwa sababu Sunia alikuwa amedhoofu sana. Alimwekea samaki, akakaa mlangoni mwa chumba akimpungia nzi.

"Melenaite," mume alisema, "kipande kimoja. Hata cha kulamba tu."

"Baba, uliniambia mwenyewe."

"Aliyekuambia alikuwa na nguvu. Mimi sina."

Melenaite alitazama pembeni. Sunia aligonga kijiko, akasikiliza kama mtu anayengoja jibu, akagonga tena. Kisha akala samaki nusu na kugeukia ukutani. Hakuomba tena kitu mpaka alipokata roho katikati ya wiki.

Matangani, mwenye kauli ni dada wa marehemu. Lavinia, dada mkubwa wa Sunia, aliishi nyumba ya pili, na siku hiyo alikaa kichwani pa maiti kama desturi inavyomtaka, mnene, mzito, asiyeulizwa neno. Melenaite alikuwa chini kule miguuni, amefungwa mkeka mkuukuu wa matanga kiunoni. Lavinia alimtazama, akasema watu wote wakisikia:

"Kaka yangu aliwalisha watu Neno, akafa na njaa katika nyumba ya mpishi."

Nani amjibu dada wa marehemu? Lakini neno lile halikwenda kaburini na Sunia. Lilibaki na Melenaite.

Wageni walipoondoka, Jumapili ikafika, kijiji kikalala. Melenaite alikuwa amejilaza kwenye mkeka akaisikia sahani. Ko, ko, ko. Ilitoka chumbani, mahali pake palepale. Aliinuka, akaenda. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, magongo yameegemea ukuta, sahani iko juu ya kabati imekauka. Hakuona mtu, ila harufu ya sipi ilikuwa nzito chumbani, na kwake siku hiyo hakukuwa kumepikwa nyama ya aina yoyote.

Jumapili iliyofuata alipika. Alizifunga mbavu kwa majani machanga, akamimina tui la kwanza, zilipoiva akaziweka kwenye sahani ya bati mezani, mbele ya kiti cha mumewe. Akaketi upande wa pili na kungoja. Hakukusikika kitu. Nyumba ilitulia kama mtoto aliyeshiba. Melenaite alilia kwa nafuu aliyoipata. Lakini chakula kilibaki pale, kimeganda mafuta, na yeye alikuwa amelelewa kwamba kumwaga chakula kilichoombewa ni dhambi. Akakila chote, akaisafisha sahani.

Basi ikawa desturi. Alikila cha marehemu Jumapili, kisha ikawa Jumatano pia, na siku nyingine yoyote aliyohisi nyumba imeanza kuchachamaa. Akanenepa ndani ya nguo zake nyeusi. Akawa na kiu isiyokatika, macho yakaingia ukungu. Nesi wa zahanati, binti mmoja aitwaye Fusi, alimpima, akatazama kipimo, akamtazama yeye.

"Mama, unakula nini?"

"Samaki na majani."

"Basi samaki wa kwenu wamenona kupita kiasi," Fusi alisema. "Mama, mimi si hakimu. Lakini hiki kilichomchukua baba kimeshapiga hodi kwako."

Melenaite alichukua vidonge, akaenda zake. Angemwambia nini? Kwamba anayekula si yeye?

Jumapili moja alikuwa ameshaweka sahani, mvuke bado unapanda, aliposikia mtu anapanda ngazi kwa taabu. Lavinia aliingia bila hodi. Uso ulimshuka, jasho lilimtiririka.

"Wifi," alisema, "nani anagonga sahani humu ndani?"

Melenaite aligeuka ghafla. "Umesikia?"

"Nasikia tangu tumzike! Kila Jumapili watu wakilala. Nilidhani ni wewe unanisuta."

"Nikusute kwa lipi? Wewe ndiye uliyenisuta mimi, tena mbele ya maiti."

Lavinia alitaka kujibu, akaiona ile sahani, kile kiti kitupu na sipi inayotoa mvuke. Akafahamu. Akakaa sakafuni, chini ya mke wa kaka yake, jambo ambalo Haapai halifanywi.

"Ilikuwa ni ishara yetu," alisema. "Ukienda maombini aligonga kijiko, nami nikatoka na chakula. Chumbani kwa kaka yangu siingii, desturi inamkataza dada, unajua. Nilimpitishia dirishani. Sipi, keki, chai ya sukari. Alikula haraka kama mwizi, akaniambia, dada, usimwambie Melenaite, ataumia."

Melenaite aligeukia dirisha la chumbani.

"Na Jumapili ile ya mwisho?"

"Aligonga. Nilikuja na sahani mpaka chini ya dirisha, nikakuona umekaa mlangoni. Nikarudi. Aligonga tena, wifi, nami nikaziba masikio."

"Kwa hiyo hakufa na njaa."

"Hakufa na njaa."

"Mimi nikaitwa mwuaji, na wewe mafuta yake yako vidoleni!" Melenaite alipaza sauti, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake mbele ya wifi huyu. "Nimekula chakula cha maiti mpaka macho yananipotea! Ungesema, Lavinia! Ungesema!"

"Niseme nini? Kwamba ni mimi niliyemwua?" Lavinia aliuliza. "Kama nisingempa, angeishi?"

Melenaite alikuwa na jibu tayari, jibu lenye makali, na kwa muda alilishika mdomoni. Kisha akalitema kando.

"Sijui. Mguu wake ulioza kabla ya dirisha lako. Waliomlisha ni wengi, na mimi ndiye niliyekuwa mpishi wao."

Wote wawili waliitazama sahani. Hakuna aliyetaka kuigusa. Mwishowe Lavinia akasema, "Wape nguruwe."

"Imeshaombewa."

"Iliombewa kwa ajili ya nani, wifi? Mungu hakutuambia tuwalishe waliolala."

Wakaitoa pamoja, mmoja huku, mwingine huku, kana kwamba ni nzito. Nguruwe waliigombea. Sahani hawakuirudisha ndani.

Msamaha haukuja siku hiyo. Walipitana njiani wakisalimiana kwa adabu kavu. Kisha, kwenye maombi ya wanawake, ilifika zamu ya Melenaite kusoma, na sehemu aliyopangiwa ilikuwa ile ya Bwana aliyefufuka akisimama kati ya rafiki zake, nao wakaogopa wakidhani wanaona roho. Alisoma jinsi alivyowaonyesha mikono na miguu, akawauliza kama wana chochote cha kula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, naye akala machoni pao. Hapo akakishusha kitabu. Lavinia, kutoka upande wa pili, akainuka, akaja kusimama karibu naye, akamalizia kusoma.

Walirudi njia moja.

"Aliyetoka kaburini kweli," Melenaite alisema taratibu, "aliomba chakula uso kwa uso. Hakujificha."

"Na samaki akamtosha."

"Na samaki akamtosha."

"Basi yule anayegonga kwetu..."

"Usimalize, wifi. Tembea."

Wiki ya maombi ilipofika, meza ya Melenaite ilikuwa na samaki wa kuchoma, shelisheli, viazi vikuu, majani, papai na maji ya madafu. Watu walinong'ona kwamba mjane amefilisika. Lavinia akasogea na mwili wake wote, akaketi mahali pa heshima, akajipakulia samaki wa kwanza. Baada ya hapo nani angethubutu kucheka? Mchungaji alikula akaongeza. Wengine walikula kidogo, wakaenda kumalizia meza za jirani. Hilo pia lilikuwa kweli.

Macho ya Melenaite hayakurudi yote, lakini kiu ilikatika, na Fusi humpigia makofi kila akimpima. Lavinia, ambaye naye alikutwa na kisukari, alichelewa zaidi. Jicho moja limeshakwenda, na yeye na vidonge vyake hugombana kila siku. Jumapili Melenaite hakai kwake. Baada ya ibada huenda nyumba ya pili na kapu lake. Dirisha linaloelekea kwa Sunia, Lavinia aliligongelea mbao, na hakumweleza mtu sababu.

"Samaki tena?" hunung'unika akipapasa mezani. "Wifi, hata wana wa Israeli walichoka na mana."

"Wakapewa nyama mpaka ikawatokea puani. Na wenye tamaa wakazikwa palepale, unakumbuka?"

"Wewe ni mbaya. Haya, omba tule."

Melenaite huomba, sauti yake ikiwa juu kidogo kuliko inavyohitajika, maana nje kijiji kimeshalala, na hiyo ndiyo saa ya sahani. Kisha hula polepole wakiongea, wakiongea bila kunyamaza, na hakuna anayemwacha mwenzake peke yake mpaka kengele ya ibada ya jioni ilie.