Fundi Gumba na Gololi ya Katikati

Watu wa gatini hawakumwita Fundi Gumba kwa kumdhihaki. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akifufua maboksi ya kuongozea injini za boti, yale ya zamani yenye mikono miwili ubavuni mwa nahodha, mmoja wa gia na mwingine wa mafuta. Viwanda viliacha kuyatengeneza zamani, na madukani ukiyaulizia unachekwa. Mtu alimletea boksi limeganda kwa kutu, skrubu hazigeuki, mikono imekaza kama shingo ya mkaidi. Yeye aliliroweka kwenye mafuta ya taa, akalisugua kwa msasa, akachonga bushi mpya kwa tupa, na mwenyewe akija kulichukua alidhani amebadilishiwa.

Injini ya kujaribia hakuwa nayo, wala hakuihitaji. Alifunga boksi, akabandika gumba la kushoto kwenye mfuniko, akafumba macho, kisha akausogeza mkono wa gia taratibu. Ndani mna gololi ya chuma, si kubwa kuliko punje ya pilipili manga, inayosukumwa na springi. Gia ikifika katikati, gololi inadumbukia kwenye kijishimo chake na kuushika mkono usiende mbele wala nyuma. Gumba lake liliusikia mdumbukio huo. Akisema "imelala," mteja alibeba boksi lake bila kuuliza la pili.

Basi gumba hilo lilikuwa limekufa. Lilianza kwa ganzi wakati wa mvua zilizopita, akajikaza kisabuni akidhani litapona lenyewe. Aliligonga kwa mpini wa bisibisi, akalitia kwenye maji ya moto, akalichua mafuta kila asubuhi kama mtoto mchanga. Wapi! Ndipo alipoanza kuyang'ata maboksi. Alikuwa amegundua kwamba meno nayo husikia mtikisiko, basi akawa anabandika mfuniko kwenye meno ya mbele na kusogeza gia hivyo hivyo. Siku moja mkewe alimkuta boksi mdomoni na grisi kidevuni, akamwuliza kama chakula anachompikia hakimtoshi. Walicheka wote wawili. Moyoni alikuwa analia, kwa sababu nje ya kazi ile hakujua kingine duniani, hata msumari akiupigilia yeye unapinda. Hakumwambia mtu.

Dada yake mkubwa alikuwa nahodha. Boti aliachiwa na marehemu mumewe, naye aliwavusha watu ng'ambo mara nne kwa siku. Boksi lake lilikuwa kongwe kuliko yote yaliyopita mezani pale, na alipolileta alisema tu kwamba abiria wanamngoja, na kwamba kwa fundi mwingine asingelipeleka hata kwa kuburutwa. Fundi alilifanyia kazi siku mbili. Sheria yake ilikuwa moja: kila kipande kinachotoka kinawekwa kwenye kifuniko cha mkebe, na boksi halifungwi mpaka kifuniko kiwe kitupu. Asubuhi ya tatu kifuniko kilikuwa kitupu. Akafunga, akang'ata, akasogeza gia, akasikia kitu. Ilikuwa ni springi peke yake ikikwaruza chuma, lakini meno si gumba, na mtu anayetaka sana kusikia husikia.

"Imelala," alimwambia dada yake, na dada akalibeba begani, akaenda zake.

Fundi alikaa kizingitini kupumua kidogo, mikono ikiwa bado na grisi, mpaka mkewe alipomwita kunywa chai. Akainuka kwenda kunawa. Sabuni ilipoanza kuyeyusha grisi, kitu kikaanguka ndani ya beseni, ti. Akainama kutazama. Ilikuwa gololi. Ilikuwa imenata kwenye gumba lake muda wote ule, naye hakuisikia. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na beseni la maji ya kunawia.

Alitoka bila viatu. Mkewe alimwita asimjibu. Alikata mitaa mbio, mtu mzima wa miaka sitini na mbili mwenye povu mikononi, na njia nzima aliliona boksi lile akilini. Bila gololi mkono wa gia husimama katikati kwa hisani tu. Mtikisiko wa injini ukiuzidi, unateleza mbele wenyewe. Na injini iliyolala siku mbili haiwashwi bila kupandishiwa mafuta kwanza ipate moto, na hapo ndipo hutikisika zaidi. Alimwomba Mungu ampe dakika tano.

Mungu alimpa. Alipofika kwenye lango la gati, injini ilikuwa inanguruma, dada yake amesimama usukani akiwahesabu abiria, nao wanapita mmoja mmoja kwenye ubao uliotoka gatini hadi botini. Kilichotakiwa ni neno moja tu: zima. Lakini gati ilijaa. Manahodha wanne aliowatengenezea maboksi walikuwa wamekaa kwenye matairi makuukuu, na wote walimwona. Mmoja akamsalimu. Hapo fundi akapunguza mwendo. Aliwaza kwamba akipiga kelele, kazi yake imekwisha palepale, mbele ya kila mtu. Lakini akimfikia dada yake akamnong'oneza kwamba kuna skrubu imelegea, injini itazimwa, boksi litarudi mezani, na hakuna atakayejua. Ilibaki kama hatua kumi na tano. Akafuta povu kwenye suruali.

"Za asubuhi, fundi?" nahodha mwingine alimwuliza.

"Nzuri tu," alijibu, na palepale boti ikaruka mbele.

Ubao ulianguka majini. Juu yake alikuwepo mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu. Alianguka kati ya boti na ukuta wa gati, kamba iliyoifunga gatini ikairudisha boti, na mguu wake ukabanwa dhidi ya mawe. Alilia kilio ambacho fundi hakuwahi kukisikia kwa mtu mzima. Dada yake alizima injini, wakamvuta mwalimu juu, mguu umepinda chini ya goti, wakambeba hadi kwenye gari la hospitali.

Watu waliporudi, mmoja aliuliza kama kosa ni la boksi. Dada yake akakataa.

"Ni mimi. Lazima niliigusa gia bila kujua. Mdogo wangu hajawahi kukosea."

Manahodha wakaitikia. Mmoja alimpiga fundi begani na kuulizia boksi lake litakuwa tayari siku gani. Fundi angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemwuliza tena.

"Dada, hukuigusa," alisema. "Boksi halina gololi. Gumba langu halisikii chochote tangu mvua zilizopita."

Dada yake alikaa chini.

"Ulijua lini?"

"Nyumbani. Wakati nanawa."

Dada alimtazama miguu iliyojaa vumbi, kisha usoni.

"Nilikuona ukiingia pale langoni," alisema. "Nikajua umekuja kunisalimia tu, maana ulikuwa unatembea."