Mbao za Mashua Ukutani

Miaka ile ya kwanza ya Uhuru nilitoka kwetu Kehancha kwenda Homa Bay, kupaka rangi nyumba ya mchungaji. Ilikuwa ya mbao, karibu na ziwa. Haikupita miezi miwili tangu niipake, rangi ikavimba malengelenge, ikaanza kubanduka. Fundi mkuu, yule aliyeijenga na kuniajiri, akanipa taa ya kuchomea rangi, ile inayotema moto, nichome, nikwangue, nipake upya.

Moto ulipogusa ukuta nikasikia harufu. Nikamwambia, "Mzee, hizi mbao zinanuka samaki."

Akacheka. "Mkuria wewe, samaki umemjulia wapi? Wewe jua ng'ombe. Choma!"

Nikachoma. Mafuta yakachuruzika kutoka ndani ya mbao, mara ukuta ukawaka, na mkono wangu wa kulia pamoja nao. Mchungaji ndiye aliyenimwagia maji. Ubao mmoja ulianguka, na upande wa nyuma tukaona matundu ya misumari na pamba imeshindiliwa kwenye nyufa. Ulikuwa ubao wa mashua kuukuu, uliopakwa mafuta ya samaki miaka na miaka ili usiingize maji. Rangi ingeshikaje hapo?

Mchungaji akamgeukia fundi. "Ulijua?"

"Nilijua," akasema, hata hakuinamisha kichwa. "Nilifikiri moto utayakausha hayo mafuta."

Nilisimama pale, ngozi ya mkono inaning'inia, nikimtazama mdomoni. Alijua, na akaniambia choma. Vidole viwili havikunjuki hadi leo, na mimi bado siamini.