Fumba si Makka

Mimi ni mpumbavu, na upumbavu wangu naujua ulipokaa: ulimini. Nilifanyia mzaha neno ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua halifanyiwi mzaha.

Ni mtu wa ndani mimi. Mtaani kwetu Mji Mkongwe wananiita Komeo. Forodhani ni hatua chache tu kutoka mlangoni, na mwaka hupita sijafika. Nikiulizwa, hujibu, "Bahari naijua, nshaiona." Watu wakicheka, najiona mjanja. Ah!

Mama yangu alikuwa na pumu. Siku hiyo alikuwa anakwenda Fumba kwa dada yake, akapate upepo. Gari inapiga honi nje. Kashavaa buibui, kasimama mlangoni, akanambia:

"Mwanangu, niwie radhi, nami nikuwie."

Maneno hayo yana jibu lake. Unasema, "Nimekuwia radhi, mama, duniani na akhera." Naye anakupa yako. Mtoto akikosa hiyo, hana duka la kwendea kuinunua.

Mimi nimejilaza kwenye kochi, kikombe cha chai kifuani. Nikamjibu, "Ala! Mama, Fumba si Makka! Tutawiana ukirudi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Haya, Komeo. Nikirudi, basi."

Siku ya tatu akapiga simu. "Njoo unitazame, mwanangu." Nikasema inshallah. Ile inshallah yetu ya kukataa kwa adabu! Neno la pili hilo, nalo nikalichafua. Sikwenda.

Siku ya tano akarudi, yumo ndani ya jeneza.

Kabla hawajamtoa, nilimwinamia sikioni nikasema yote, duniani na akhera, nikazidisha na mengine ya kwangu. Kisha, jamani, nikangoja! Mimi na akili zangu, nikangoja anijibu.

Nyinyi mnaosoma, mzazi akikwambieni "niwie radhi", hata akiwa anakwenda Darajani kununua vitunguu, wekeni chai chini, simameni, mjibuni. Msimpimie safari. Mimi niliipima.

Siku hizi kila asubuhi nauambia mto wake yale maneno. Juzi jirani yetu, Bi Mwajuma, alinikuta katikati ya kuyasema. Nikamuuliza, "Bi Mwajuma, yanamfika?"

Akatua sahani ya mkate wa kumimina aliyoniletea, akanitazama.

"Yako labda yanamfika. Radhi yake kenda nayo, na kule hatumwi mtu akailete."