Foleni ya Uzi wa Kioo

Juzi kwenye viwanja vya maonyesho, Temeke, niliona foleni nikajiunga. Sikuuliza kinauzwa nini, maana anayeanza kuuliza hukuta sabuni imekwisha.

Mbele yangu alikuwapo mama mmoja aliyekumbatia kikapu. Tulipofika mezani, hapakuwa na sabuni wala sukari. Palikuwa na fundi kijana aliyerudi kutoka mafunzoni ng'ambo, ameshika uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Akauzungushia kidoleni, akamulika tochi kwenye ncha moja, na mwanga ukatokea ncha ya pili.

"Kazi kubwa ni kusugua ncha," alisema. "Zikiwa laini, mwanga haupotei njiani."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Sawa, mwanangu. Kila kaya inapata mita ngapi?"

"Hatuuzi, mama. Tunaonyesha tu."

"Basi nipimie hiyo ya kuonyesha."

Fundi akakuna kichwa. Kutoka nyuma mtu akauliza, "Jamani, leo kuna nini?"

"Mwanga," mama akajibu bila kugeuka.

Hakuna aliyetoka kwenye foleni. Walisogea wakabanana zaidi, na mie nikakunjua mfuko wangu. Kwa hali ya siku hizi, kesho mwanga nao utaadimika.