Mama Aliyeombwa Ziwa

Enesi alizaliwa Ivuna, kwenye nchi tambarare ambako udongo wenyewe una chumvi, akaolewa Isansa, juu milimani, ambako ukungu huingia nyumbani kabla wenyewe hawajafungua mlango. Alikaa huko miaka kumi na mitatu bila kuuzoea ukungu ule. Mara nyingine, akiwa anapalilia maharage, alisimama ghafla na jembe mkononi, akatazama upande ambako milima inashuka kuelekea Ziwa Rukwa. Ziwa halionekani kutoka Isansa. Yeye alilitazama hivyo hivyo.

Majirani walikwisha kumjua. Walisema, "Mwacheni, Mama Ketrina amekwenda kwao," wakaendelea na kazi mpaka arudi.

Jioni, moto ukiwa umewaka vizuri, aliwasimulia watoto wake habari za ziwa hilo. Alisema mchana wa jua kali maji na anga hushikana, hata mtu hajui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Alisema kuna ndege wakubwa weupe wanaoelea juu ya joto kana kwamba wamelala. Alisema ziwa lenyewe huhama, mwaka huu maji yako karibu, mwaka mwingine yamekwenda mbali. Watoto walikuwa watatu. Ketrina, wa miaka kumi na miwili, alisikiliza huku mikono yake ikifanya jambo fulani, kupukuchua mahindi au kuchambua mboga. Marita wa miaka minane alisikiliza na kuuliza maswali. Anania, aliyekuwa na miaka mitano, alisikiliza mdomo wazi mpaka usingizi ukamchukua.

Mwaka 1937 baba yao, Yonathani, alikuwa Lupa, akichimba dhahabu ya watu wengine. Alikuwa ameahidi kurudi kabla ya Krismasi na nguo mpya kwa kila mtu. Na mwaka huo ndipo Mwalimu Barnaba wa shule ya misheni alipowaambia watoto kwamba mamajusi walimletea mtoto Yesu zawadi, na kwamba katika nchi nyingine wazazi huwapa watoto wao zawadi siku hiyo. Habari ilifika nyumbani kwa Enesi kabla ya chakula cha mchana.

"Mama, na sisi tutapewa?" Marita aliuliza.

Enesi alikuwa anageuza ugali. Angeweza kusema hapana. Badala yake alisikia mdomo wake ukisema, "Kila mtu aseme anataka nini."

Marita hakusita. "Mimi nataka gauni lenye mfuko. Mfuko hapa, mbele. Nikiokota kitu sina pa kukiweka."

"Na wewe, Anania?"

"Ziwa," alisema Anania.

Marita alicheka mpaka akakohoa, lakini mtoto hakucheka. Alimtazama mama yake kwa utulivu, kama mtu aliyeomba kitu kinachopatikana dukani.

"Ketrina?"

"Mimi sitaki kitu, mama," alisema Ketrina, akainuka kwenda kuteka maji.

Enesi alimwangalia akishuka njia ya mtoni na mtungi wake. Ombi la ziwa halikumsumbua kama jibu hilo. Mtoto wa miaka kumi na miwili, alijiambia, hawezi kuwa hataki kitu. Amejifunza tu kutosema.

Wakamngoja Yonathani. Septemba ikapita, Oktoba ikaanza kuisha. Siku moja mtu mmoja jina lake Danford, aliyekuwa anarudi kwao kutoka Lupa, akapita kuwapa salamu.

"Yonathani ni mzima," alisema, akiwa bado amesimama mlangoni. "Lakini bwana wao alikwenda Mbeya kutafuta pesa za kuwalipa, mpaka leo hajarudi. Yonathani anasema msimngojee Krismasi. Akiondoka sasa, jasho lake lote litapotea."

Enesi alimshukuru, akampa togwa. Mgeni alipokwisha kuondoka, Enesi alikwenda kwa mama mkwe wake, aliyekaa nyumba ya pili, akapiga magoti na kusema kwamba anataka kwenda Ivuna kutengeneza chumvi.

"Sasa hivi?" alisema mama mkwe. "Watu wa chumvi wanarudi, wewe ndiyo unakwenda? Mvua ziko mlangoni."

"Nitakimbizana nazo, mama. Chumvi ya Ivuna kila mtu anaitaka. Nikiipata, nitaibadilisha kwa nguo."

"Watoto watakula kwangu," alisema mama mkwe mwishowe. "Ila kutwanga na maji ni Ketrina. Mimi mgongo wangu unaujua."

Basi Enesi akaondoka na jirani yake Marta, kila mmoja na kikapu kitupu kichwani. Walitembea siku tatu. Siku ya kwanza walikuwa bado katika baridi. Siku ya pili njia ilianza kushuka, na kwa kila kona joto lilipanda kuwapokea, na miti ikabadilika, na harufu ya vumbi ikabadilika. Enesi alivua kitambaa cha kichwa, akakifunga tena, akakivua. Marta alimwuliza kama anaumwa. Alisema haumwi. Siku ya tatu waliifikia nchi tambarare, na mbele kabisa, mbali, ulikuwapo mstari mweupe uliotetemeka.

"Yale ni maji?" aliuliza Marta.

"Nilipokuwa mdogo nilijua," alisema Enesi.

Mama yake alikuwa hai bado, amekauka na kuwa mwepesi, macho yake madogo kwa sababu ya kutazama weupe maisha yake yote. Hakumlaumu bintiye kwa kuchelewa. Alimpa tu chungu chenye matundu chini, akamwonyesha mahali ambapo udongo ulikuwa bado mzuri. Enesi alikwangua udongo wa juu wenye chumvi, akaujaza katika chungu, akamimina maji, akayangoja yachujike tone kwa tone, kisha akayachemsha mpaka maji yakaondoka na chumvi ikabaki. Hiyo ndiyo kazi yote. Haina haraka, wala haikubali kuharakishwa. Kati ya tone na tone Enesi alikaa akitazama ule mstari mweupe, na wale ndege walipita juu yake bila kupiga mabawa, na kuna nyakati alisahau kwamba ni mama wa watu. Kisha alimkumbuka Ketrina na mtungi wake, akachochea moto.

Walikaa siku tisa. Alipofunga chumvi yake katika majani makavu na kuzungushia kamba za magome, vifurushi vilijaza kikapu. Alivipanga, akaviona tayari vimekuwa nguo: gauni la Marita, shati la Anania, kanga ya Ketrina. Mama yake alimsindikiza mpaka nje ya kijiji, akatazama mawingu.

"Usilale njiani bila kuwa na kitu juu yako," alisema.

Mvua iliwakuta wakiwa wanapanda mlima. Haikutanguliwa na upepo wala ngurumo. Ilishuka yote kwa pamoja. Wanawake hao wawili walikimbia wakitafuta mwamba wa kujificha, na Enesi akahisi maji yanamtiririkia usoni kutoka kwenye kikapu, yakaingia mdomoni, nayo yalikuwa ya chumvi. Alijua ni nini. Alizidi kukimbia, na kila hatua kikapu kilikuwa chepesi zaidi.

Walipata mwamba ulioinama kama paa, wakakaa chini yake mpaka mvua ikachoka. Marta, ambaye alikuwa amefunika kikapu chake kwa ngozi ya mbuzi, alikuwa amepoteza kidogo tu. Vya Enesi, vifurushi viwili vya katikati ndivyo vilivyobaki vigumu. Vingine vilikuwa majani matupu yaliyolowa. Marta alichukua kifurushi kimoja kutoka kwenye kikapu chake akakiweka katika cha mwenzake, kisha akageukia upande mwingine.

Asubuhi jua lilitoka safi. Enesi alinyanyua kikapu, na chini yake, katika shimo dogo la jiwe, yalikuwapo maji yaliyochuruzika humo kutoka kikapuni usiku kucha. Yalikuwa yametulia. Ukingoni, jua lilipogusa, palikuwa pameanza kuota utando mweupe, na katikati ilikuwapo anga yote, na wingu moja likipita polepole. Enesi alipiga magoti. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka.

Marta alishtuka. "Mama Ketrina! Una nini?"

"Anania aliniomba ziwa."

Marta akaja, akainama, akatazama naye. "Basi lichukue," alisema, "lisije likakimbia."

Enesi aliyateka kwa kiganja, kidogo kidogo, akayatia katika kibuyu chake cha maji ya kunywa, akakiziba kwa gunzi. Siku hiyo nzima walikunywa kutoka kibuyu cha Marta.

Alipofika Isansa, kifurushi kimoja alimpelekea mama mkwe wake, kama ilivyompasa. Cha pili akakiweka kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Cha tatu alikwenda nacho kwa fundi Ezron, aliyekuwa na cherehani kwenye baraza la duka, karibu na misheni.

Ezron alipima kifurushi mkononi. "Kwa gauni la mtoto hakitoshi, mama."

"Sitaki gauni. Nataka mfuko."

"Mfuko bila gauni?"

"Gauni liko nyumbani. La zamani, lakini lipo. Kisichokuwapo ni mfuko."

Fundi alimtazama, akaona hafanyi mzaha. Akaingiza mkono katika sanduku la vipande, akavuta kitambaa chekundu kilichobaki kwenye nguo ya harusi ya mtu. Alikata mfuko mkubwa kuliko ilivyohitajika, akaupindia ukingo, akatia kifungo. Kisha akaongeza uzi na sindano juu yake. "Ushone mwenyewe," alisema. "Krismasi njema, mama."

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, Enesi aliwaita watoto uani. Marita alipewa gauni lake lile lile, limefuliwa, na mfuko mwekundu umekaa mbele kama mlango. Hakuuliza gauni jipya liko wapi. Aliingiza mkono wake humo, akautoa, akauingiza tena. Kisha akatoka mbio, na kufikia mchana alikuwa na mbegu, kipande cha kioo, mende wa kijani na kijiti cha kuandikia kwenye ubao wa shule, vyote vikiwa salama.

Kwa Anania, Enesi alichukua chungu kipana cheusi, akakiweka chini mahali ambapo anga ilikuwa wazi, akafungua kibuyu na kumimina polepole. "Kaa. Usiliguse kwanza. Ngoja lilale."

Maji yalilala. Anania aliinama juu yake, mikono mgongoni. Mawingu yalipita ndani ya chungu, na alipoinama zaidi aliona uso wake mwenyewe ukija kutoka chini. Akachovya kidole, akakilamba, akakunja uso.

"Ni lenyewe," alisema kwa sauti ndogo.

"Ni lenyewe," alisema mama yake. Na kwa kuwa chumvi ile kweli ilitoka katika nchi ya ziwa, alijiona hajadanganya. Anania alilinda ziwa lake kwa siku nyingi. Usiku aliliingiza ndani, asubuhi akalitoa, akawafukuza kuku. Maji yalipungua kidogo kidogo, pakabaki weupe tu ukutani mwa chungu. Alipoulizwa, alijibu kwamba ziwa limehama, kama mama alivyosema kuwa hata lile kubwa huhama.

Ketrina alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo, ungo mkononi, akitabasamu kwa ajili ya wenzake. Enesi alimwendea, akauchukua ule ungo.

"Unga umekwisha twangwa," alisema. "Nilitwanga jana wewe ukiwa shuleni kuimba. Maji nimeteka. Bibi yako atanisaidia kupika. Leo yote ni yako mpaka jua lizame."

Ketrina hakuelewa. "Nifanye nini?"

"Mimi sijui. Siku si yangu."

Msichana alibaki amesimama. Aliangalia jiko, akaangalia mtungi, akaokota kijiti akakitupa. Kisha akaenda, kwa hatua fupi kwanza, akapita shamba la mahindi machanga, akashika njia ya mlimani. Enesi alimwona akipanda, mdogo katika ule ukijani, hana kitu kichwani, na mikono yake ilining'inia kama haijui ikae wapi. Baadaye ikaanza kupunga. Kisha ukungu ukashuka ukamchukua.

Mama mkwe alitoka akauliza Ketrina amekwenda wapi. Enesi alisema hajui.

"Na wewe hujali?"

"Najali, mama. Ndiyo maana sikumwuliza."

Wali haukuwapo mwaka huo. Walipika kuku mmoja na viazi, wakala na ugali wa ulezi, na sehemu ya Ketrina ikafunikwa. Jua lilikuwa linagusa kilima alipotokea tena, kanga yake imelowa umande, majani makavu yamemshika nywele. Alinawa mikono akaketi karibu na mama yake.

"Kuna nini kule juu?" aliuliza Marita.

"Hakuna kitu," alisema Ketrina. "Upepo. Nililala juu ya jiwe." Alitafuna kidogo, macho yake yako mbali, kisha akaanza kucheka peke yake, taratibu. Hakusema kilichomchekesha. Enesi alimsogezea kipande cha paja la kuku, naye akakila chote bila kumgawia mtu.