Ua wangu umefunikwa na mtaalamu wa mazingira

Nimepoteza ua wangu leo saa nne asubuhi.

Sijaibiwa. Msanifu majengo niliyemwajiri mwenyewe, anayejiita mtaalamu wa mazingira, ameuezeka kwa kioo!

Mnaijua nyumba yangu ya mtaa wa Observatory, ya mtindo wa Kihindi: vyumba vinazunguka ua ulio wazi, hewa ya moto inapanda na kutoka. Humo nashonea wateja kwa cherehani sita, hakuna feni hata moja. Nilimwomba tangi la kuvunia maji ya mvua, basi.

Nimerudi leo kutoka Durban nilikokwenda kununua vitambaa, nakuta kioo juu kama kifuniko cha sufuria.

Tangi? Halipo.

"Mama, ua wazi inakula space bure," ananiambia, Mkenya wa shahada mbili. "Hii ndiyo eco ya kisasa."

"Na joto litapitia wapi kutoka, baba?"

"Tutaweka kiyoyozi."

Eish! Ndiyo kutunza mazingira huko?

Saa saba kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na sita. Mafundi wangu wanashonea barazani. Gauni la harusi ya kesho bado halina mikono.

Wenye nyumba wenzangu wa kundi hili, semeni kama nakosea.

Msanifu, najua unasoma hapa. Sitaki hotuba. Kioo kinashuka au hakishuki? Nijibu kabla ya saa kumi na mbili jioni.