Sinyali ya Mama Mkwe

Dunia imevumilia mengi yaliyobuniwa na binadamu. Imevumilia tai, kamba ambayo mtu mzima anajifunga shingoni mwenyewe kisha analalamika joto. Imevumilia saa ya kengele, fomu ya nakala tatu, na kiatu cha mwanamke chenye kisigino kama msumari. Bunduki tuiache, maana wenye nazo hawapendi utani. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoitikisa kambi ya reli iliyoko kilomita tisa toka mjini kama kitu alichokibuni Ngoy Théophile mwaka wa sitini na tatu, kwa mikono yake miwili, kwa nia safi kabisa, na kwa rangi nyekundu iliyobaki kazini.

Ngoy alikuwa mtu wa sinyali. Kazi yake ilikuwa kupandisha na kushusha ule mkono wa mbao ulioko juu ya mlingoti, ili treni ya Kabalo na treni inayotoka mjini zisije zikabusiana kwenye njia moja. Miaka kumi na minne alikuwa hajakosea. Uhuru ulikuja, wakubwa wakabadilika, watu wakapigana, wakapatana, wakapigana tena; Ngoy alipandisha mkono, akashusha mkono. Aliamini kwamba shida zote za binadamu zinatokana na jambo moja tu: watu wawili kutumia njia moja bila kuulizana.

Na yeye alijua anachosema. Mwaka uliotangulia, mke wake Adrienne akiwa na mimba ya kwanza, mama mkwe alikuja kutoka Kabalo kumwangalia binti yake. Mama Philomène, mwanamke mnene wa sauti nene. Sasa, kwa watu wa ukoo wao, mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Hawasalimiani, hawali pamoja, hawaitani jina. Mmoja akipita, mwingine anageukia ukuta. Wakilazimika kusemezana, wanasema na kitu kingine: kuku, sufuria, mlango. Siku ya sita Ngoy alirudi toka kazini mapema, ana jasho, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kuogea, akasukuma mlango.

Mama Philomène alikuwa ndani. Amejaa sabuni.

Alipanda treni siku hiyo hiyo, povu bado liko masikioni. Na mwezi uliofuata, Ngoy akiwa zamu, Adrienne akiwa peke yake nyumbani, ile mimba ikatoka. Hakuna aliyemlaumu Ngoy kwa mdomo. Lakini Adrienne alipopata mimba ya pili alimwambia neno moja tu:

“Papa Ngoy, safari hii mama abaki mpaka mutoto alie. Ukimufukuza tena na macho yako, mimi nitamufuata.”

Ngoy hakulala akiwaza. Asubuhi alikata mti wa mkaratusi, akausimamisha katikati ya uwanja, kati ya nyumba, jiko na kibanda cha kuogea. Juu akafunga mkono wa ubao wa sanduku la sabuni, akaupaka nyekundu. Kutoka kwenye mkono akavuta waya mpaka jikoni, kwenye kipini cha mbao. Ukivuta kipini, mkono unainuka: njia imefungwa, mama yuko uwanjani. Ukiachia, mkono unaning'inia: njia wazi, mkwe apite.

Mama Philomène alipofika, Ngoy alimfundisha kanuni akiwa nyuma ya ukuta, akisema na ndoo.

“Wewe ndoo, mwambie mgeni wetu kwamba uwanja huu ni njia moja. Treni mbili hazikutani.”

Kisha sauti nene ikajibu toka jikoni: “Wewe kuku, muulize mwenye nyumba, mimi ndio treni?”

“Ndoo, mwambie ni treni ya heshima.”

“Ya abiria ao ya mizigo?”

Adrienne alicheka mpaka akashika tumbo. Na ile sinyali, jamani, ikafanya kazi! Wiki moja, wiki mbili, mwezi mzima, hata kisigino cha mama mkwe Ngoy hakukiona. Watu walitoka kambi nzima kuja kuangalia. Mkono unainuka, mama anapita na beseni. Mkono unashuka, Ngoy anapita na taulo. Emile, mwenzake waliyepokezana zamu, alipiga makofi kama yuko kwenye mpira. Jioni ile ile naye akakata mti. Baada ya mwezi, nyumba sita za kambi zilikuwa na sinyali nne, na abiria wa treni ya Kabalo walichungulia madirishani wakijiuliza hapa ni wapi, stesheni kubwa namna gani hii.

Ndipo ubaya wa kitu ulipojitokeza, taratibu, kama mchwa.

“Ndugu yangu,” Emile alimwambia Ngoy siku moja wakibadilishana zamu, “mama mukwe wangu ana wiki saba kwangu.”

“Si ni vizuri?”

“Vizuri nini? Zamani walikuwa wanakaa siku nane! Unajua nani alikuwa anawarudisha kwao? Ile haya ya mukwe! Kujificha-ficha nyuma ya jiko, kula umegeukia ukuta, muntu anachoka, anasema, heri nirudi kwangu. Sasa wewe umewawekea reli! Anakula, analala, anavuta waya. Kwa nini aondoke?”

Ngoy alikuna kichwa. Kwa sababu na yeye alikuwa ameanza kuona jambo. Mkono wa nyekundu ulikuwa unakaa juu muda mrefu kuliko safari yoyote ya kwenda kuchota maji. Alitoka kazini saa nane na njaa yake, akakuta nyekundu. Akaketi juu ya jiwe nje ya uzio. Nusu saa, nyekundu. Saa nzima, nyekundu. Majirani walipita wakimuuliza kama treni imechelewa. Lakini kuvuka? Ngoy? Miaka kumi na minne hajapita nyekundu hata moja. Mtu anayepita nyekundu ya nyumbani leo, kesho atapita ya kazini, na kesho kutwa ni mazishi.

“Vumilia,” Adrienne alimnong'oneza dirishani, mimba imefika miezi tisa, uso umejaa. “Yuko hapa. Mimi ninalala usingizi kwa sababu yuko hapa.”

Basi akavumilia.

Alhamisi moja alitoka zamu saa nane kamili. Emile akashika vipini, wanaume wengine wote wa kambi walikuwa wamekwenda kwenye kazi ya kunyoosha reli, watarudi magharibi. Ngoy alifika kwenye uzio wake. Nyekundu. Akaketi juu ya jiwe lake, akavua kofia.

Dakika ishirini zikapita, akasikia mlio toka ndani ya nyumba. Si mlio wa kuku. Akasimama.

“Wewe mti!” akaiambia sinyali. “Muulize aliye ndani, njia iko wazi?”

“Wewe mti!” ikajibu sauti nene. “Mwambie huyo muntu aingie haraka!”

“Mti, mwambie mkono haujashuka!”

“Mti, mwambie nimeachia kipini zamani!”

Ngoy akatazama juu. Nyekundu. Akafuata waya kwa macho, na hapo akaona: nepi. Nepi kumi na mbili za mtoto ambaye hajazaliwa, zimefuliwa, zimeanikwa juu ya waya wake, zinachuruzika maji. Uzito wake ulikuwa umeuvuta waya na kuushikilia mkono juu. Mama mwenyewe ndiye aliyeanika saa saba, kabla uchungu haujaanza. Fundi yeyote angezing'oa zile nepi. Lakini nepi zilikuwa upande wa ndani wa nyekundu, na miguu ya Ngoy, ile miguu ya miaka kumi na minne, ilikataa.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mama Philomène akatoka, kitambaa kimedondoka kichwani, mikono ya blauzi imekunjwa mpaka mabegani. Akavuka uwanja wote mchana kweupe, akaja kusimama mbele ya mkwe wake. Ngoy akajifunika uso na kofia.

“Ondoa hiyo kofia.”

“Wewe mti, mwambie...”

“Mti baba yako! Ngoy! Mutoto amelala kwa upande tumboni. Nimejaribu karibu saa nzima, hageuki. Huyu ni wa hospitali. Ondoa kofia!”

Ngoy akaondoa kofia. Aliona macho makubwa mekundu ya mama aliyekuwa anaogopa, na yalikuwa macho ya Adrienne yale yale. Akapita chini ya mkono mwekundu mbio, wala hakuhisi kitu.

Hospitali iko mjini, kilomita tisa. Gari hakuna. Lakini kwenye kibanda cha posti ya sinyali kulikuwa na drezini, kile kigari cha reli cha kusukuma kwa mikono: bao tambarare juu ya magurudumu manne, na katikati nguzo yenye vipini viwili, huyu anakandamiza huku, yule anainua kule. Emile alikuwa tayari anakoroga mpini wa simu. Ngoy akamnyang'anya.

“André! Stesheni! Nipe njia, naleta drezini.”

“Gari la mizigo linatoka hapa saa tisa na nusu,” akajibu André wa stesheni. “Una dakika arobaini. Nani anasafiri?”

“Muke wangu, anazaa.”

“Yesu! Na nani anasukuma na wewe? Emile?”

“Emile hawezi kuacha posti. Mama mukwe.”

Upande wa pili André akaangusha kitu.

“Ule... mukwe wa sabuni?”

“Nipe njia, André!”

Wakamlaza Adrienne juu ya godoro, kichwa upande wa Ngoy, miguu upande wa mama. Na sasa tazama jinsi Shetani alivyo fundi: drezini haisukumwi ila watu wawili wakitazamana. Hakuna namna nyingine. Ngoy anainama, mama anainuka. Mama anainama, Ngoy anainuka. Uso kwa uso, pumzi kwa pumzi, kilomita tisa.

Twende! Magurudumu yakalia. Mto Lukuga ukawakimbia kushoto, majani yakawapiga miguu. Mama Philomène alisukuma kama anatwanga mihogo ya kijiji kizima.

“Haraka!” akanguruma. “Unainama kama bibi arusi!”

“Wewe... drezini...” Ngoy akaanza kwa mazoea, “mwambie mama...”

“Niko hapa! Sema na mimi!”

“Mama, mnasukuma vizuri sana!”

“Nyamaza, sukuma!”

“Nyinyi wawili,” Adrienne akasema toka chini, meno yamebana, “mukinifanya nicheke nitazaa hapa!”

Kilomita sita. Nne. Mbili. Viganja vya mama vilikuwa vimechubuka, akafunga kitenge juu ya kipini akaendelea. Ziwa likafunguka mbele yao na paa za mji. Na pale, kwenye mlango wa stesheni, mkono wa sinyali ulikuwa juu. Nyekundu.

Ngoy akaachia kipini. Drezini ikasota, ikasimama.

“Mbona unasimama?”

“Nyekundu, mama.” Machozi yalikuwa yanamtoka pamoja na jasho. “Hii ni ya kweli. Nikipita hii, gari la mizigo linatupiga wote watatu. Lazima André ashushe.”

Wakangoja. Adrienne alishika kifundo cha mguu wa mumewe, akakibana. Mama Philomène aliutazama ule mkono, halafu akamtazama mkwe wake muda mrefu, mtu mzima aliyesimama wima mbele ya kipande cha ubao kama mbele ya altare.

“Ngoy.”

“Mama.”

“Nyekundu zote zile za nyumbani. Wewe ulikuwa unaketi juu ya jiwe unangoja kweli?”

“Kweli, mama.”

“Nyingi nilikuwa nalala tu.”

Ngoy alifungua mdomo. Na kabla neno halijatoka, mkono wa stesheni ukaanguka, pa! Njia wazi! Mama Philomène akapiga kelele kama timu yake imefunga bao, wakarukia vipini, wakaingia stesheni wakipita mbele ya gari la mizigo lililokuwa linatoa moshi kwa hasira, André akikimbia pembeni yao na machela begani, akipiga vigelegele, mwanaume mzima.

Saa kumi na dakika kumi mtoto alilia. Msichana. Alilia kwa sauti nene, na hakuna aliyehitaji kuuliza ataitwa nani.

Ile haya ya mkwe ikaisha siku hiyo, kama mila inavyotaka. Ngoy alileta kuku na kitenge kipya, Mama Philomène akavipokea kwa mikono yake iliyofungwa bendeji, wakala ugali wa bukari kwenye sahani moja, wakicheka. Adrienne aliwatazama, mtoto kifuani, akasema hajawahi kuona kitu kizuri namna hii.

Wiki ya pili Ngoy alishika shoka aende kuuangusha ule mti wa mkaratusi. Mama Philomène akatoka jikoni, akamsalimia kwa jina, akamuuliza habari za kazi, akamwambia huwa anaketi vibaya kule kitini, ana mgongo mbaya, na kwamba suruali ile haimfai, na kwamba yeye sasa, haya ikiwa imeisha na hakuna tena cha kujificha, haoni sababu ya kurudi Kabalo kabla mtoto hajaota meno.

“Meno yote?” Ngoy akauliza.

“Yote.”

Ngoy akaweka shoka chini. Akaenda jikoni polepole, akashika kipini, akavuta. Juu ya uwanja mkono mwekundu ukainuka, mzuri, umenyooka, bila kasoro hata moja.

Mama Philomène akapita chini yake bila hata kuutazama, na beseni la nepi, akiimba.